Pikapu ya kila siku itakayovuta boti mara mojamoja: jinsi ya kuichagua ukiwa Malindi

Hapa Malindi wengi hununua pikapu kwanza, ndipo wanakuja gereji kuuliza itavuta nini. Mimi huwaambia wageuze mpango. Anza na trela. Trela ndiyo itakayokwambia ununue gari gani, na chumvi ya pwani yetu itakwambia uliache lipi. Nguvu za injini zinakuja nyuma ya hayo mawili, maana barabara zetu kutoka Mambrui hadi Watamu ni tambarare, hatuna milima ya kupandisha mzigo.

Hatua ya 1: Jua kilo za trela ikiwa imepakiwa

Usikadirie kwa macho. Chukua karatasi uandike kila kitu. Tuseme una boti ya faiba ya futi 21 na bodi lake ni kilo 900. Injini ya nguvu farasi 115 ni kama kilo 180. Petroli lita 100 ni kilo 74 hivi. Barafu, nanga, kamba na makasha ya samaki, weka 150. Trela ya chuma yenyewe, 400. Umeshafika kilo 1,700 na ushei, na bado hujapanda mtu. Anayevuta tangi la lita 1,000 naye akumbuke kwamba maji peke yake ni tani nzima.

Kisha inama utazame magurudumu ya trela: yana breki? Pikapu mpya za 4x4 za kiwango cha Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger nyingi zimeruhusiwa na watengenezaji kuvuta hadi kilo 3,500, lakini hapo ni trela yenye breki zake. Isiyo na breki, kikomo cha kawaida ni kilo 750. Trela nyingi za huku zimechomelewa mitaani kwa ekseli ya gari kuukuu, breki hazina. Boti ya kilo 1,700 juu ya trela kama hiyo imepita kikomo zaidi ya mara mbili, hata ukiifunga kwenye gari lililotoka dukani jana. Kwa hivyo shilingi ya kwanza iende kwenye breki za trela, kabla hujaanza kutafuta gari. Tuktuk ikikukatia ghafla mbele ya soko, kilo zile zote zitataka kukupita.

Hatua ya 2: Fikiria siku ambazo hakuna trela

Hizo ndizo nyingi. Kama unapeleka watoto shule na kwenda Mombasa na familia, chukua dabo kabini, yenye milango minne na viti vya nyuma, na ukubali kwamba sanduku la nyuma litakuwa fupi, kama mita moja na nusu. Kama kazi yako ni saruji, mawe ya timbo na majani ya makuti, singo kabini, ya safu moja ya viti na sanduku refu, itakufaa zaidi. Zote mbili zikiwa tupu zitakurusharusha, kwa sababu springi za nyuma zimetengenezwa kwa mzigo. Hiyo si kasoro. Usikubali muuzaji akwambie zibadilishwe ziwe laini, utazihitaji siku ya trela.

Jambo moja hupuuzwa sana. Dizeli nyingi za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, nacho hujisafisha kwa kuyachoma masizi injini ikiwa imepata moto barabarani. Ukiishi kwa safari za dakika tano tano, nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi msikitini, kitaziba. Mwenye maisha hayo aifikishe gari Kilifi na kurudi mara kwa mara, au achague injini ya zamani kidogo isiyo na kichujio hicho.

Hatua ya 3: Soma kibao cha uzito

Kibao kiko kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Magari yaliyotoka Uingereza huwa na mistari minne. Wa kwanza ni uzito wa mwisho wa gari likiwa na watu na mzigo. Wa pili ni uzito wa mwisho wa gari na trela kwa pamoja. Miwili ya chini ni ya ekseli, mbele na nyuma. Toa wa kwanza kwenye wa pili. Kikiandikwa 3,000 na 5,500, basi pikapu ikiwa imejaa itavuta kilo 2,500 tu, hata kama tangazo lilisema 3,500.

Shingo ya trela, pale inapokaa juu ya chuma cha kuvutia cha gari, nayo ina uzito wake, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa sanduku. Uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya trela: kwa boti yetu, kilo 85 hadi 170, na usipite kikomo kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia. Trela ikiwa imelala sawa, weka ubao juu ya mizani ya kujipimia watu, simamisha kigogo juu yake, teremsha shingo juu ya kigogo usome. Mizani nyingi za nyumbani huishia kilo 150, kwa hiyo lenga chini ya hapo. Boti huwa na injini nyuma, kwa hiyo shingo mara nyingi huwa nyepesi mno na trela huanza kuyumba mkia kwenye mwendo. Sogeza boti mbele kidogo, pima tena.

Hatua ya 4: 4x4, na hasa gia nzito

Mchanga wa ufuo wa Malindi umechanganyika na tope linaloletwa na mto Sabaki, na maji yakipwa wakati wa bamvua utarudi nyuma mwendo mrefu juu ya ulaini huo. Hapo 4x4 ya kawaida haitoshi, unahitaji gia nzito, ile inayoandikwa 4L. Bila yake, gari la gia za mkono litachoma klachi ukipandisha boti polepole. Mimi napendelea otomatiki kwa kazi hii, mradi ina kipozaji cha oili ya gia kinachofanya kazi. Punguza upepo wa tairi hadi psi 18 au 20 kabla ya kuingia mchangani, ujaze tena ukitoka. Na kama 4x4 yake ni ile ya kuwasha na kuzima, izime ukifika lami kavu, vinginevyo unaumiza difu kila ukikata kona.

Hatua ya 5: Lala chini ya gari

Hapa usione haya kutumia saa nzima. Beba tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chesisi kote, lakini kaa zaidi juu ya ekseli ya nyuma, mahali springi zinaposhikiliwa, na pale chuma cha kuvutia kilipofungwa. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa sauti ya kufa, na mara nyingine nyundo inazama. Chomeka bisibisi kwenye matundu ya kutolea maji: yakiwa yameziba kwa mchanga, basi maji ya chumvi yamekuwa yakilala ndani, na kutu hula kutoka ndani huku nje ukiona rangi nzuri. Pitisha kidole kwenye mirija ya breki. Ikiwa na magamba, ibadilishwe kabla gari halijavuta chochote.

Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu inatia shaka. Muulize muuzaji imepakwa lini na kwa nini. Gari lililofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni likaguliwe mara mbili. Vivyo hivyo la Uingereza, kwani kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Injini iliyochoka hufunguliwa ikatengenezwa. Chesisi iliyooza juu ya ekseli, mimi siifungii trela, hata mteja akinisihi.

Hatua ya 6: Karatasi

Linganisha namba ya chesisi na logi buku, na uhakikishe mmiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Gari la kuagiza lisizidi miaka 8. Trela nayo husajiliwa peke yake kwa namba inayoanza na Z, na uliza bima kama inaifunika.

Hatua ya 7: Jaribu na trela yenyewe

Mwenye gari akikataa, ondoka. Fuata barabara ya kwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, mzigo ukiwa kamili, AC ikiwa imewashwa, saa za jua kali. Tazama mshale wa joto. Funga breki kwa nguvu mahali patupu uone kama gari linavutwa upande. Rudi nyuma na trela kwenye kona finyu, hapo ndipo utajua kama vioo vya pembeni vinakutosha.

Ukishanunua, siku ya kwanza ya kushusha boti subiri hadi habu za trela zipoe kabla hujazizamisha, kwani habu ya moto ikiingia majini hufyonza maji mpaka kwenye beringi. Ukitoka, osha chesisi na trela kwa maji ya mfereji, yale yanayoletwa kwa bomba kutoka Baricho. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na ukioshea maji yake utakuwa unaongeza kile ulichotaka kuondoa.