Kufundisha kitabu cha Rachel Carson kwa mahindi na maharage

Katika Silent Spring (1962), kitabu cha mwanabiolojia Mmarekani Rachel Carson kuhusu madhara ya dawa za kuua wadudu, kisa kinachofaa zaidi darasani ni cha Clear Lake, California. Ziwa lilitiwa DDD, dawa ya ukoo mmoja na DDT, mwaka 1949, 1954 na 1957, ili kuua vijidudu visivyouma vinavyofanana na mbu. Mara ya kwanza ilikuwa sehemu 1 ya dawa kwa sehemu milioni 70 za maji. Baadaye vibisi, ndege wa majini wanaokula samaki, wakaanza kufa. Maji yenye dawa kidogo hivyo yamemuuaje ndege?

Andaa vikombe 22, punje 144 za mahindi (chakula) na maharage 16 (sumu). Chukua mahindi ya jikoni; mbegu za dukani zenye rangi zimepakwa dawa, watoto wasizishike.

Wanafunzi 16 wawe planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea majini), 4 samaki, 2 vibisi. Kila planktoni apate mahindi 9 na harage 1. Samaki anakula planktoni 4, kikombe kinajaa punje 40. Mwili wake unabeba 10 tu, kwa hiyo anatoa 30, zote mahindi. Anabaki na maharage 4. Kibisi anakula samaki 2 na kutoa mahindi 10. Kikombe chake sasa kina maharage 8, mahindi 2.

Zoezi huharibika hapo kwenye kutoa. Wanafunzi wakichota bila kuchagua, maharage yatatoka pia na uwiano hautapanda inavyotakiwa. Waeleze kwanza: chakula huchomwa na mwili, lakini DDD huyeyuka kwenye mafuta, hukaa humo, na haitoki kirahisi.

Kosa la pili ni kudhani sumu imeongezeka. Wahesabu upya vikombe vya vibisi: maharage ni yale yale 16.

Ndipo uandike ubaoni namba za Carson: planktoni sehemu 5 kwa milioni, samaki wanaokula mimea 40 hadi 300, mafuta ya kibisi 1,600. Ukianza na namba, wataziandika tu daftarini.

Lazima atatokea wa kuuliza kama Carson alitaka dawa zote zipigwe marufuku. Hapana, aliandika wazi kwamba hasemi zisitumike kamwe. Alichopinga ni kuzimwaga ovyo, na alionya kuwa wadudu, wakiwemo mbu wa malaria, huzizoea hadi zisiwaue tena.