PUSH iliyoshusha RSP mara mbili: kupanga maikrokodi ndani ya dikoda

Mvua ilinifungia chumbani Kondele, hapa Kisumu, nikihangaika na kosa moja. Simuleta yangu ya x86-64 (programu inayoiga prosesa za aina ya Intel na AMD) iliendesha programu ndogo vizuri, kisha steki, eneo la kumbukumbu la kuweka data za muda, inaharibika kimyakimya. Ndugu yangu unayejenga ya kwako, anzia hapa.

Dikoda, sehemu inayofasiri amri, isitekeleze chochote. Isome baiti za amri, itoe orodha ya hatua ndogo (ndiyo maikrokodi), basi. ADD inayojumlisha rejista (nafasi ndogo ya thamani ndani ya prosesa) kwenye kumbukumbu huzaa tatu: pakia, jumlisha, hifadhi. Thamani ya katikati ikae kwenye rejista ya muda, programu isiione. Hatua ya mwisho itie alama. Hapo ndipo RIP, rejista inayoonyesha amri ya kutekelezwa, husogea. Kwa hiyo weka kaunta ya pili inayohesabu hatua ndani ya amri. Orodha ndefu zihifadhi kwenye jedwali la kudumu, kama alivyowaza mwanasayansi wa kompyuta Maurice Wilkes mwaka 1951.

Kilichonitesa ni mpangilio. PUSH RAX, amri ya kuweka rejista RAX kwenye steki, niliiandika hivi: punguza RSP (rejista inayoonyesha kilele cha steki) kwa 8, kisha hifadhi RAX. RSP ilikuwa 8192, na ukurasa (kipande cha kumbukumbu) ulio chini yake haukuwa umepakiwa. RSP ikawa 8184, hifadhi ikagonga hitilafu ya ukurasa, ukurasa ukaletwa, amri ikarudiwa tangu mwanzo. RSP ikaishia 8176! Geuza: hifadhi kwanza kwenye anwani ya RSP toa 8, ndipo upunguze RSP. Hatua inayoweza kushindwa itangulie, rejista ambazo programu inaziona zifuate.

ADC, amri ya kujumlisha pamoja na kilichobebwa, ni hatari zaidi, maana husoma bendera ya kubeba (biti inayokumbuka kilichobebwa) na kuibadilisha. Hifadhi ikishindwa baada ya kujumlisha, marudio yatasoma bendera isiyo yake. Hatua ya kupakia ikague mapema ruhusa ya kuandika.

REP MOVSB, amri ya kunakili baiti nyingi mfululizo, ifikirie kama mbeba magunia wa soko la Kibuye: ukimsimamisha katikati, anajua yamebaki mangapi. Kila baiti ikinakiliwa, sasisha RSI (zinakotoka), RDI (zinakokwenda) na RCX (zilizobaki). RIP ibaki palepale hadi RCX iwe sifuri.

Kisha jaribu kwa ukatili. Zusha hitilafu bandia kwenye kila hatua inayogusa kumbukumbu, linganisha rejista na bendera zote na zilivyokuwa kabla ya amri. Kwa REP, na zilivyokuwa baada ya baiti ya mwisho iliyokamilika. Mimi nilianza na CALL, amri ya kuita kazi ambayo nayo huweka anwani ya kurudi kwenye steki, nikaikuta imebeba kosa lile lile la PUSH.