Dar mpaka Dubai ndege inatumia masaa mangapi? Piga hesabu mwenyewe

Mimi nakata tiketi, na swali ninaloulizwa kila siku ni "eti tunakaa hewani masaa mangapi?" Hesabu yake wala sio ngumu, kalkuleta ya simu inatosha, tuchukue Dar kwenda Dubai.

Hatua ya 1: jua uwanja hasa. Angalia zile herufi tatu kwenye tiketi. Dar ni DAR, ila Dubai kuna DXB na kuna DWC, viwanja viwili tofauti kabisa. Hata hapa nyumbani mtu anakwambia anashukia Arusha kumbe tiketi imeandikwa JRO, yaani KIA, uwanja wa Kilimanjaro, hapo bado ana safari ya gari.

Hatua ya 2: umbali. Fungua Google Maps, shikilia kidole kwenye uwanja wa kwanza mpaka alama itokee, chagua kupima umbali, afu vuta ramani mpaka uwanja wa pili. Utapata kama kilomita 3,980.

Huna bando? Kwa safari za huku kwetu karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111. Dar na Mwanza zimepishana latitudo 4.43 na longitudo 6.27, kwa hiyo kilomita 492 na 696, kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, unapata kama 852. Basi linatembea zaidi ya 1,000 maana linazunguka Morogoro na Dodoma, ndege haina habari hizo. Usijaribu njia hii kwa London lakini, itakudanganya vibaya.

Hatua ya 3: muda. Gawa umbali kwa mwendo wa ndege, kilomita kwa saa: jeti gawa kwa 850, ndege ya panga boi kama Q400 gawa kwa 600. 3,980 kwa 850 ni 4.68, na hapa ndio wengi wanapotea, hiyo SIO masaa 4 na dakika 68 jamani, zidisha 0.68 kwa 60 upate dakika 41. Ongeza dakika 40 za kutambaa kwenye lami, kupanda na kushuka. Jumla masaa 5 na dakika 21, ratiba nyingi zinacheza hapo hapo kwenye 5 na nusu.

Hatua ya 4: saa. Dubai wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo tiketi ikisema kuondoka 16:30 kufika 23:00, hapo ni masaa 6 na nusu, toa hiyo moja upate 5 na nusu, ukirudi ongeza.

Halafu kuna saa zetu za Kiswahili. Mteja wangu mmoja tiketi yake ilikuwa 04:35, akasoma saa nne na dakika 35 asubuhi, saa mbili huyo uwanjani na mabegi yake na shangazi wa kumsindikiza, ndege imeondoka tangu saa kumi na dakika 35 alfajiri. Siku hizi naandika ALFAJIRI kwa peni juu ya tiketi afu naizungushia duara.