Kabla Hujavaa Kilti: Anzia Kitovuni

Kadi ya harusi ikitoka Uskoti, na chini ya jina la ukumbi pameandikwa kwamba wanaume wavae mavazi ya Nyanda za Juu, yaani kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Uskoti linalozungushwa kiunoni, usingoje wiki ya mwisho. Maduka ya kukodi ya Glasgow na Edinburgh hulemewa miezi ya kiangazi, maana ndio msimu wa harusi. Wewe unahitaji muda wa kupimwa, kujaribu, na kurudisha kisichokukaa.

Anza na kipimo, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi tunapokosea. Kiuno cha kilti si kiuno cha suruali. Suruali za siku hizi tunazifunga nyongani. Kilti hukaa juu ya mfupa wa nyonga, usawa wa kitovu, na hapo mtu mzima aghalabu huwa mpana zaidi. Mara yangu ya kwanza nilitaja kwa simu namba ya suruali ya jinzi. Kilti niliyoletewa ilikataa kufunga kitovuni, nikaishusha nyongani, na upindo ukanifika kwenye miundi. Babu wa bibi harusi aliniona mlangoni mwa kanisa. Hakunicheka. Alinivuta kando, akamtuma mjukuu wake nyumbani akalete kilti ya akiba, akanifunga mwenyewe kwa mikono inayotetemeka. Tangu siku hiyo kila kijana wa kwetu anayeniuliza habari za vazi hili namwambia achukue futi ya fundi kwanza, mengine tutazungumza baadaye.

Vipimo ni vitatu: mzunguko wa tumbo kwenye kitovu, mzunguko wa makalio pale yalipojaa, na urefu kutoka kitovuni hadi katikati ya pia ya goti. Huo urefu apime mtu mwingine nawe umesimama wima, ukitazama mbele. Ukiinama kujitazama, kipimo kimeshaharibika. Kilti ikishafika, ivae upige magoti sakafuni: upindo uning'inie juu ya sakafu kwa kadiri ya upana wa kidole. Upindo ukilala sakafuni, kilti iko chini mno.

Kimo kikikaa sawa, vingine vyote hupata mahali pake. Koti fupi la jioni, lile liitwalo Prince Charlie, limekatwa likikisia kwamba kilti iko juu, ndiyo maana aliyeishusha huonekana shati likichungulia tumboni. Soksi ndefu hukunjwa, na mkunjo uishie kama vidole vitatu au vinne chini ya goti. Sporani, ule mkoba wa mbele, hufungwa kwa mnyororo upitao nyuma, na ining'inie kama upana wa kiganja chini ya bizimu la mkanda au chini ya kizibao. Wengi huiachia hadi ikawa inagonga mapaja. Ukivaa kizibao cha jioni, mkanda mpana uache nyumbani, kwa kuwa kizibao kimeshaziba mahali pake. Shughuli ya mchana inatosha koti la Argyll au la twidi pamoja na tai ya kawaida. Tai ya kipepeo ni ya jioni.

Kuhusu tartani, yaani mpango wa mistari na rangi, watu wetu huogopa bure. Ni kweli tartani nyingi zinatajwa kwa jina la ukoo, na sisi tunajua uzito wa ukoo, kwa hiyo mtu hujiuliza: nitavaaje ya wengine? Hakuna sheria ya Uskoti inayokukataza, ila kwa desturi ile ya Balmoral huachiwa familia ya kifalme. Ziko tartani zinazovaliwa na yeyote, kama Black Watch yenye kijani na buluu iliyokoza. Zaidi ya hapo, daftari rasmi la tartani la Uskoti, lililoanza kazi mwaka 2009, lina maelfu ya mipango, na mpya husajiliwa kila mara. Mwaka 2012 ilitangazwa tartani ya Waislamu wa Uskoti: buluu ya bendera ya nchi, kijani cha Uislamu, mistari mitano myeupe kwa nguzo tano, sita ya dhahabu kwa nguzo za imani, na mraba mweusi kwa ajili ya Alkaaba. Hata hivyo, kabla hujachagua, muulize bwana harusi. Mara nyingi yeye na wapambe wake wamekubaliana tartani moja, na si adabu mgeni kuwaingilia.

Kitu kimoja usikifanye hata kwa utani: usiiite sketi mbele ya wenyewe. Baada ya vita vya Culloden, ambako jeshi la mfalme liliwashinda waasi wa Nyanda za Juu, bunge la London lilipitisha sheria ya mwaka 1746 iliyowakataza wanaume wa Uskoti mavazi haya, isipokuwa askari wa mfalme. Kosa la kwanza lilikuwa miezi sita jela, la pili kupelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria hiyo haikufutwa hadi 1782. Nguo iliyofungiwa watu jela ina haki ya kuitwa kwa jina lake. Sisi tuliokulia pwani tunalielewa hili kwa wepesi, maana hakuna mzee wa Tanga au Lamu atakayekubali msuli wake uitwe gauni.

Siku yenyewe, fuata mpangilio. Soksi na viatu kwanza, kwa sababu kilti ya sufu yenye yadi 8 za kitambaa ni nzito na kuinama nayo ni shida. Viatu vya ghillie havina ulimi. Kamba zake ndefu husokotwa mara chache mbele ya mguu, zikazungushwa juu ya kifundo, na fundo likafungwa mbele au ubavuni. Usizipandishe hadi katikati ya muundi. Kisha shati, kisha kilti. Marinda yote yakae nyuma, ubapa ukae mbele. Upande wa ndani hupitisha mshipi wake kwenye tundu lililoko nyonga ya kushoto, nao upande wa nje hufungiwa kulia, matamvua yakionekana kulia kwako. Aliyezoea kikoi atayatambua matamvua hayo mara moja. Pini kubwa huchomwa pembeni chini, kwenye upande wa nje peke yake. Ukiunganisha pande mbili kwa pini, hatua moja ndefu inatosha kukichana kitambaa usichokimiliki.

Kisu kidogo cha soksini, sgian dubh kwa Kigaeli, huchomekwa mguu wa kulia kwa atumiaye mkono wa kulia, na mpini pekee ndio uonekane. Sheria ya Uskoti inakitambua kuwa sehemu ya vazi la taifa, lakini uwanja wa ndege hautambui hilo: kiweke kwenye mzigo wa chini ya ndege, kamwe si kwenye mkoba wa mkononi. Ukiingia mahali penye ukaguzi, uliza kwanza au kiache. Sporani nayo ina lake. Zile za manyoya ya sili haziruhusiwi kuingia Marekani, basi msafiri achukue ya ngozi ya ng'ombe.

Na chini yake kuvaliwe nini? Swali hili utaulizwa, pengine na watu usiowajua, na huna deni la kulijibu. Mimi nasema vaa kaptula fupi nyeusi inayobana, bila kusita. Kilti ya kukodi imevaliwa na wengi kabla yako, na sufu huwasha. Upepo wa Uskoti ni mkali. Kwa Mwislamu kuna jambo la sitara pia: kati ya kitovu na goti ndipo hasa kilti inapofunika ukiwa umesimama, ila ukikaa, ukicheza au ukisujudu hali hubadilika. Nimezoea kuchukua msuli kwenye begi kwa ajili ya swala, na hakuna aliyewahi kunishangaa.

Kukaa kunataka mazoezi nyumbani. Kabla hujashuka kitini, pitisha migongo ya mikono nyuma ukiyalaza marinda, kisha kaa ukiwa umefunga magoti na sporani imelala katikati. Usipoyalaza, utainuka na mikunjo inayoonekana hadi mwisho wa sherehe. Usiku kutakuwa na ceilidh, wanaitamka keili, dansi ya vikundi yenye kuzungushana kwa nguvu. Isogeze sporani kwenye nyonga kabla hujaingia uwanjani, ule mkoba ukirukaruka huumiza. Na kama picha zitapigwa nje jioni ya kiangazi, hasa magharibi ya Nyanda za Juu, jipake dawa ya wadudu magotini. Usubi wa kule hawana huruma.

Kilti yako mwenyewe usiitie kwenye mashine ya kufulia. Ipeleke drai klina, kisha itundike marinda yakiwa yamelala, mbali na nondo. Ya kukodi irudishe kavu, pamoja na pini, tepe za soksi na kisu, maana vitu vidogo ndivyo vinavyopotea. Halafu fungua sporani uikague hadi chini. Kilti haina mfuko hata mmoja, kwa hiyo funguo za nyumba, kadi ya benki na tasbihi vyote vilikuwa humo.