Kiwanda kinamwaga uchafu mtoni? Anzeni na chupa mbili, kelele baadae

Maji yakianza kunuka au kubadilika rangi, watu huitana, wanajazana getini kwa kiwanda na kurekodi video, na siwalaumu, hasira lazima iwepo, ila siku mkiulizwa ushahidi uko wapi mnabaki na video ya watu wanapiga kelele, basi. Kwahiyo fanyeni kwa mpangilio.

Kwanza acheni kuyanywa. Na msijidanganye na kuchemsha, kuchemsha kunaua vijidudu tu, madini ya risasi, aseniki (sumu ya madini) na naitreti (chumvichumvi za mbolea na majitaka) haviondoki, tena maji yakipungua sufuriani ndo vinazidi kukolea. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga yuko hatarini zaidi kwasababu naitreti ikizidi damu yake inashindwa kubeba oksijeni vizuri. Risasi yenyewe inaharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala nini, so akija mtu na "mbona sisi hatuumwi" msimsikilize sana. Na maji kuwa maangavu sio kwamba ni salama, aseniki haina rangi wala harufu.

Pili, daftari. Moja tu, la wote, na muandike siku hiyo hiyo sio mwisho wa wiki. Mfano: "Jumanne, saa 8:40 usiku, bomba la pili kutoka kona ya ukuta, maji ya zambarau, harufu ya yai bovu, mvua hamna." Hiyo ya mvua msiiache, maana kuna wanaosubiri usiku au mvua kubwa ndo wafungulie. Picha nazo mtunze ile orijino kwenye simu iliyopiga, ukiituma WhatsApp inabanwa na taarifa za saa na mahali zinapotea.

Sasa chupa, na hapa ndo kesi ilipo. Mkichota chini ya bomba peke yake, yaani kule maji yanakoelekea, kiwanda kitasema uchafu umetoka huko juu, na mtakosa la kujibu. Lazima iwepo chupa ya juu ya bomba, kule mto unakotokea, na chupa ya chini yake, siku moja, na kama mdomo wa bomba unafikika bila kuingia eneo la kiwanda chukueni na ya tatu. Anzeni na ya chini alafu mpande, vinginevyo tope mnalotibua juu litaingia kwenye sampuli yenu wenyewe. Vaa glavu, simama ukiangalia maji yanakotoka. Chupa muombe maabara, na muulize kabla ya kuzisuuza, kwasababu za kupimia metali mara nyingi zina asidi kidogo ndani, hizo hazisuuzwi na hazichovywi mtoni, unajaza kwa chombo kingine kisafi. Lebo iandikwe hapo hapo, chupa ziingie kwenye barafu, na kila anayezishika asaini: nani kachota, nani kabeba, nani kapokea, saa ngapi. Inachosha, najua, lakini wakili wa kiwanda ataanzia hapo.

Msiombe wapime "kila kitu", mtaishiwa hela. Waambieni kiwanda kinatengeneza nini: cha ngozi wapime kromiamu, cha betri risasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha maji ya kunywa kisizidi mikrogramu 10 kwa lita kwa risasi, na kwa aseniki ni hivyo hivyo, ila tafuteni na viwango vya nchi yenu maana mahakama itaangalia hivyo.

Hospitali, mwambie daktari habari ya maji na aiandike kwenye faili. Risasi inapimwa kwenye damu, aseniki kwenye mkojo. Majibu ya watu msiyarushe mitandaoni.

Upande wa haki: tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua mazingira safi kuwa haki ya binadamu, kura 161 na hamna aliyepinga. Azimio peke yake halimfungi mtu, nguvu yenu iko kwenye katiba na sheria ya mazingira ya kwenu. Ombeni kwa barua kibali cha kumwaga majitaka, ripoti ya tathmini ya mazingira na vipimo ambavyo kiwanda kimewasilisha, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Muulizeni wakili mapema muda wa kufungua kesi unaisha lini, unaweza kupita mkiwa bado mnaahidiwa vikao.

Alafu kuna ile bahasha ya pesa ya kuwanyamazisha. Kule Minamata, Japani, zebaki ya kiwanda cha Chisso ilikuwa inaingia baharini na watu wanakula samaki, ugonjwa ukagundulika rasmi 1956. Desemba 1959 familia zikapewa "pesa ya pole" na kusaini kwamba hata ikija kujulikana kiwanda ndo chanzo hawatadai tena, na wakati huo daktari wa kiwanda chenyewe alishalisha paka chakula chenye majitaka yao na paka akaugua! Mahakama ilikuja kuutupa mkataba ule 1973, miaka zaidi ya 13 baadae. Kwahiyo ukiletewa karatasi mlangoni ipige picha kurasa zote, sema wakili ataisoma kwanza, na kalamu mrudishie mwenyewe.