Watchmen: bakiza sura mbili kabla ya filamu
Ukitaka kuifaidi Watchmen mara mbili, soma sura 10 za kwanza kati ya 12 za katuni hiyo iliyotoka kati ya 1986 na 1987, ukifunge kitabu, utazame filamu ya 2009, kisha umalizie mbili zilizobaki. Filamu hufuata michoro kwa karibu sana, hata beji ya njano yenye tone la damu imo, lakini imebadilisha janga la mwisho, kwa hiyo janga la kila upande litakukuta hulijui. Sura ya 5 usiiharakishe, kwani ukurasa wake wa kwanza umepangwa kuakisi wa mwisho. Kwa Civil War, katuni ya mashujaa wa kampuni ya Marvel, mbinu hii haisaidii: filamu ya 2016 ilichukua jina, ugomvi wa Captain America na Iron Man, na machache mengineyo.