Dogo kapata IQ 142: jinsi ya kuikagua testi ya kwenye simu

Mwezi uliopita nilikuwa kwa dada yangu Mbagala, mpwa wangu akaja mbio na simu, "mjomba cheki, IQ yangu 142", yaani ile namba ya kipimo cha akili. Nyumba ikachangamka, linki ikatupwa kwenye grupu la familia na mpaka jioni watu 11 tulikuwa tumeshaipiga ile testi, aliyeburuza mkia ana 124. Sasa mimi kazi yangu ni kusimamia mitihani ya uwezo kwa makampuni yanayoajiri hapa Dar, mwaka wa tisa huu, kwa hiyo macho yote kwangu, eti ni kweli? Nikawaambia tuikague. Tulichofanya ni hiki hapa, na wewe unaweza, andaa karatasi, kalamu na bando kidogo.

Hatua ya 1: Ipige bila kusoma

Fungua testi, usisome swali hata moja, bonyeza C mpaka mwisho. Kama ina maswali 30 na kila swali lina majibu manne, kwa kubahatisha utaambulia kama 7 au 8 hivi, na kwenye testi yenye heshima alama hizo zinakuweka chini kabisa. Sisi simu tulimpa bibi, Kiingereza hajui na miwani hajavaa, akabonyeza bonyeza huku anapiga soga na jirani dirishani. Akapata 118. Akasema yeye mbona alikuwa anajua siku nyingi.

Kwa testi nyingi za mtandaoni unaweza kuishia hapa hapa, maana inayompa mtu 118 kwa kubonyeza tu imetengenezwa ili ufurahi alafu ununue cheti. Ila kama imefaulu hii hatua endelea.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya grupu

Watu wanadhani IQ ni kama kilo za ubongo. Ile namba inakuambia umesimama wapi kwenye foleni ya watu wa umri wako, basi. Katikati wameamua kuiita 100, na kwa mtindo aliouanzisha mwanasaikolojia David Wechsler mwaka 1939 upana wa kutawanyika ni 15, kwa hiyo katika watu 100 kama 68 wanakaa kati ya 85 na 115, wanaovuka 130 ni kama wawili tu. 142 ni mtu mmoja katika karibu 400. Kufika 124 ni kama watu watano katika 100, sasa sisi wote 11 tumefika, na shangazi yumo, nampenda sana shangazi lakini hapana.

Na ukisikia mtu anatamba na 148 muulize kwanza ni ya kipimo gani, kwa sababu kuna kipimo cha Cattell ambacho upana wake ni 24, huko 148 ndiyo 130 ya Wechsler ile ile. Nimeshaona CV ya mtu kaandika hiyo namba kwa wino mzito juu kabisa, hata jina la shule halijafika.

Hatua ya 3: Tafuta wamekulinganisha na nani

Nenda chini kabisa ya tovuti, sehemu ya kuhusu sisi, soma. Unatafuta vitu viwili: watu wangapi na wa wapi waliipiga testi kabla yako, na kiwango cha uthabiti wake, yaani alama zake haziyumbi kiasi gani, namba kati ya 0 na 1. Ukikuta "wanasayansi wetu" bila jina la mtu wala mwaka, funga.

Si kwamba mtandaoni hakuna kizuri. Kuna mkusanyiko wa maswali ya kupima akili unaitwa ICAR, ni wa bure kwa watafiti, David Condon na William Revelle walichapisha taarifa yake mwaka 2014, karibu watu 97,000 walijibu kupitia intaneti, na wameweka wazi kwamba seti fupi ya maswali 16 ina uthabiti wa 0.81 na ndefu ya maswali 60 ina 0.93. Hivyo ndivyo mtu asiyekuficha kitu anavyoandika.

Sasa hiyo 0.81 ina maana gani mfukoni kwako? Chukua 1 toa 0.81, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa 15. Inakuja kama 6.5, na ili uwe na uhakika wa kutosha unaizidisha mara mbili. Yaani ukipata 110 wewe ni mtu wa kati ya 97 na 123 hivi, na hapo tunaongelea testi nzuri! Yenye uthabiti wa 0.60 mtu wa 110 anaweza kuwa popote kati ya 91 na 129, sasa hiyo si kipimo ni ramli.

Hatua ya 4: Rudieni baada ya wiki mbili

Usirudie siku hiyo hiyo, utakuwa unakumbuka maswali. Kusanya watu hata 15, mkiwa wengi ndiyo vizuri zaidi, kila mmoja alama ya kwanza na ya pili, ziweke kwenye Excel safu mbili na tumia fomula ya CORREL, inakuonyesha safu mbili zinafuatana kiasi gani, 1 ni kufuatana kabisa. Ikija 0.9 safi, ikishuka chini ya 0.7 achana nayo.

Lakini hata ikija 0.9 usishangilie mapema. Mizani ya bucha inaweza kukupa kilo moja kila siku bila kubadilika kumbe nyama ni gramu 800. Haiyumbi, ila inakuibia.

Hatua ya 5: Angalia mazingira

Hapa ndipo watu wetu wanaumia. Saa ya testi inaanza kuhesabu wakati picha bado inazunguka kwa sababu mtandao umelala, skrini ndogo, uko kwenye daladala umesimama, na swali la msamiati wa Kiingereza linapima shule uliyosoma kuliko akili. Kuna kazi ya mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake ya mwaka 2002, hapo Bagamoyo tu, waliwapa watoto wa shule testi, wakawafundisha mbinu za kujibu kwa muda usiofika saa moja, wakawapa tena. Alama zikapanda. Akili haijaongezeka kwa saa moja, walichopata ni uzoefu wa aina ile ya maswali.

Kwa hiyo piga kwenye kompyuta kama ipo, asubuhi, wi-fi iliyotulia.

Hatua ya 6: Hela

Matokeo yakifichwa mpaka ulipie, usilipe. Nyingine zinachukua dola moja leo alafu zinakata kila mwezi kimya kimya, na dada ndiyo kwanza alikuwa anashangaa salio la kadi yake linaenda wapi.

Kama una sababu ya maana, mfano mtoto anahangaika darasani, tafuta mwanasaikolojia akae naye ana kwa ana. Testi ya kwanza kabisa, ya Binet na Simon mwaka 1905 kule Ufaransa, ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa namna hiyo.

Dogo karudia juzi, kapata 127. Anadai mtandao ulikuwa unasumbua, na kwa hilo kusema kweli sijambishia.